Kilo 0.70 kwa Kila Mkulima
Mhadhara kwa wanafunzi wa kompyuta na mafundi wa simu, Thika

Nimekuja na karatasi moja tu. Ni risiti ya kiwanda cha kahawa cha ushirika, upana wake vidole vitatu, na kwa kuwa ilichapwa na mashine inayoandika kwa joto, maandishi yake yameanza kufifia. Walio mbele wataisoma. Walio nyuma itabidi waniamini. Juu pana namba ya mkulima. Chini pana saa, 17:12:30. Katikati, kwa herufi nene: KILO 0.70.

Mama aliyepewa risiti hii alikuwa ameleta magunia mawili ya matunda ya kahawa kwa mkokoteni wa punda. Ilikuwa Novemba, msimu mkuu, na foleni ilifika barabarani. Aliisoma, akaigeuza nyuma, akamwomba jirani amwonyeshe ya kwake. Kilo 0.70. Ya mzee aliyemtangulia, kilo 0.70. Akamrudia karani wa mizani na kumwambia, kwa upole ambao karani anasema ulimtisha kuliko matusi: "Kijana wangu, leo sote tumevuna sawasawa?"

Karani akatoa daftari lake la zamani na kalamu, akaendelea na kazi, kisha akanipigia. Mimi nilikuwa kwenye matatu, Thika Road, tumekwama karibu na Ruiru. Niseme mapema nisije nikampaka mtu matope: programu ilikuwa yetu, kosa lilikuwa letu, na majaribio yetu yote asubuhi ile yalikuwa yamefaulu. Nimekuja kuwaeleza yalifauluje.

Simu ya karani ilikuwa na programu moja kuu, na pembeni yake moduli ndogondogo: ya kuongea na mizani, ya kuchapa risiti, ya kutuma hesabu ofisini. Viwanda havifanani. Hiki kina mizani ya aina hii, kile ya aina ile, na printa kila ushirika ulinunua kwa bei uliyoiweza. Kujaza moduli zote ndani ya programu moja ni kuibebesha simu ndogo mzigo usioihusu. Kwa hiyo programu kuu inaamka, inasoma faili la mipangilio, inaona hapa kuna printa gani, ndipo inaichukua moduli inayofaa na kuipakia kwenye kumbukumbu, kazi ikiwa tayari inaendelea. Kwenye Linux na Android mlango wa kazi hiyo unaitwa dlopen. Kwenye Windows, LoadLibrary.

Moduli zenyewe zilikuwa zimekompailiwa mapema. Hazikufika kwenye simu zikiwa maandishi ya kusomwa mstari baada ya mstari. Zilifika zimeshakuwa lugha ya mashine, zimepikwa ofisini kwetu na kufunikwa. Kwa simu ya bei nafuu hilo ni jambo jema: programu inafunguka upesi, betri haichoki, na prosesa hailazimiki kutafsiri huku foleni ikingoja. Ila kukompaili kuna bei yake. Majina yanapotea.

Hebu tuangalie kwa karibu. Programu kuu ilikuwa ikiikabidhi moduli ya kuchapa rekodi fupi yenye namba tatu. Baiti 0 hadi 3 ni namba ya mkulima. Baiti 4 hadi 7 ni uzani kwa gramu. Baiti 8 hadi 11 ni saa, ikihesabiwa kwa sekunde tangu usiku wa manane. Fundi anapoandika moduli, anaandika neno "uzani". Kompaila inalisoma neno hilo, inatazama mpangilio, halafu inalitupa. Kinachobaki ndani ya moduli ni agizo kavu: nenda baiti ya nne, chukua baiti nne, hizo ndizo gramu. Na moduli haina njia ya kuuliza kama kwenye baiti ya nne bado wanaishi watu walewale.

Wiki moja kabla ya siku ile, wakulima walikuwa wamelalamika, na kwa haki, kwamba uzito wa gunia tupu unahesabiwa kama kahawa. Tukaongeza namba ya nne kwenye rekodi, uzani wa chombo, na tukaiweka mahali palipoonekana pana mantiki: kabla ya uzani wa kahawa. Programu kuu ikakompailiwa upya. Moduli ya kuchapa haikuguswa, kwa nini iguswe? Ilikuwa inafanya kazi. Ikaendelea kwenda baiti ya nne kama ilivyofundishwa. Pale sasa palikaa gramu 700, uzito wa gunia moja tupu, na kila gunia lilikuwa la aina moja.

Tuliligundua chanzo kwa sababu ya mzee mmoja aliyeleta kilo 92. Karani alipokuwa akinisomea risiti kwenye simu, alisita kwenye ya mzee huyo. "Hii saa yake imekuwa ngapi? Imeandikwa 25:33:20." Hakuna saa 25. Nikatoa kalamu palepale kwenye kiti cha matatu: saa 25, dakika 33 na sekunde 20 ni sekunde 92,000. Kilo 92 ni gramu 92,000. Moduli ilikuwa imeuchukua uzani halisi, ukiwa umesukumwa hadi baiti ya nane, ikauchapa kama saa. Sasa rudini kwenye risiti yangu. 17:12:30 ni sekunde 61,950. Mama alikuwa ameleta kilo 61.95, na karatasi ilikuwa imemwambia hivyo tangu mwanzo, ila kwa lugha ya saa. Wakati ule wala haikuwa imefika saa kumi jioni.

Nataka mkumbuke kwamba hakuna kilichoanguka. Programu haikujifunga, hakuna ujumbe mwekundu, hata hifadhi ya programu kuu ilikuwa na uzani sahihi. Programu inayoanguka ina heshima yake, inakiri. Hii yetu ilisema uongo kwa sauti tulivu.

Majaribio yalifauluje? Walioandika programu kuu waliipima kwa moduli ya bandia, kijimoduli tulichojitungia kinachopokea rekodi na kusema "nimepata". Kilikuwa kinakompailiwa pamoja na programu kuu kila asubuhi, kwa hiyo kilijua mpangilio mpya. Walioandika moduli ya kuchapa waliipima kwa rekodi walizozitengeneza wenyewe, kwa mpangilio wa zamani uliokuwa umenakiliwa kwenye folda yao. Kila upande ulifaulu mtihani uliojitungia. Hapakuwa na jaribio hata moja lililochukua faili la programu kuu litakalokwenda kiwandani na faili la moduli lililokwisha kuwa kiwandani, likayakutanisha.

Hapa nawaomba ruhusa niingie shambani, maana mji wa Ruiru ulilijua jambo hili kabla ya mafundi wa kompyuta. Mwaka 1985 kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilitoa aina ya kahawa inayoitwa Ruiru 11. Ilianza kutafutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya mlipuko wa chulebuni wa 1968, ugonjwa unaoozesha tunda la kahawa lingali bichi. Ruiru 11 inastahimili chulebuni na kutu ya majani, ni fupi, na inazaa mapema. Lakini mizizi yake haizami kama ya SL28, ile kahawa ya zamani iliyoteuliwa na Scott Laboratories, Kabete, katika miaka ya 1930. Kwa hiyo wakulima wengi wanaipandikiza: shina la chini linabaki SL28, la juu linakuwa Ruiru 11.

Muulize fundi wa kupandikiza ataangalia nini baada ya wiki chache. Hataanza na jani, wala hatachimba mzizi. Atainama pale paliposhonwa, aone kama ganda limeshikana na ganda au maji yanapenya. Kipandikizi kinaweza kuwa kizima, shina likawa zima, na mche ukafa. Nami siwezi kusema kwa kifupi zaidi ya hapo ninachoamini kuhusu moduli: ukishapima pande mbili, bado hujapima kiungo, na kiungo hakipo mpaka vitu viwili vilivyokwisha kukompailiwa vikutane kwenye simu ya kweli.

Kwa nini nasisitiza "vilivyokwisha kukompailiwa"? Kwa sababu fundi wa programu mara nyingi hapimi kile anachouza. Wengi humu ndani mnatumia Flutter. Mnajua raha ya kubadilisha mstari mmoja na kuona simu ikibadilika papo hapo. Raha hiyo inatoka kwenye toleo la fundi, ambamo Dart inakompailiwa wakati programu ikiendelea. Toleo la sokoni linakompailiwa lote mapema. Sasa sikilizeni: Flutter inakuruhusu kuigawa programu ya Android, sehemu nyingine zipakuliwe pale tu mtumiaji anapozihitaji. Lakini kwenye toleo la fundi mgawanyo huo haufanyiki. Sehemu zote zinaingia mwanzoni kama kawaida. Unabonyeza kitufe, sehemu inafunguka, unafurahi. Hukupima chochote, moduli unayodhani umeipakia haikuwa moduli bado.

Sisi tulishachomwa na ndugu wa kosa hilo kabla ya hadithi ya risiti. Moduli ya mizani tulikuwa tukiiita kwa jina lililoandikwa kwenye faili la mipangilio. Programu inasoma jina, inalitafuta, inalifungua. Kwenye simu zetu, safi. Tulipotengeneza toleo la sokoni, chombo cha Android kiitwacho R8 kilipita kikifagia kila klasi isiyoitwa na mtu. Kikaangalia klasi ya mizani. Ndani ya msimbo wote hakuna mstari unaoitaja, maana jina lake limo kwenye faili la maandishi ambalo R8 haisomi. Kikaifagia. Dawa ni mstari mmoja wa kanuni unaoanza na -keep, na kila mwanafunzi hapa anaweza kuuandika kwa dakika moja. Kujua kwamba unahitajika ndiko kulikotuchukua siku mbili.

Mdogo wangu mmoja anayefanya kazi ya Java kwenye mifumo ya fedha alinicheka niliposimulia hayo, mpaka nilipomuuliza kuhusu GraalVM. Chombo hicho kinaikompaili programu ya Java yote mapema kwa sharti moja kali: dunia imefungwa. Kitakachotumika lazima kijulikane siku ya kukompaili. Spring Boot 3, iliyotoka Novemba 2022, inakikubali rasmi. Na kwa vitu vinavyoitwa kwa jina, GraalVM ina mpelelezi unayemwacha akae ndani ya programu ya kawaida huku majaribio yakiendeshwa. Anaandika kila klasi iliyoitwa kwa jina, na orodha hiyo ndiyo inayoiambia kompaila iviache hivi. Mnaiona hatari yake? Njia ambayo majaribio hayakuipitia haimo kwenye orodha, na isiyomo kwenye orodha haimo kwenye programu. Zamani jaribio lililosahaulika lilikuacha hujui kama kitu kinafanya kazi. Hapa linakifuta.

Wapo walioamua kufunga mlango kabisa. Microsoft ilipoleta Native AOT ndani ya .NET 7, mwishoni mwa 2022, iliondoa uwezo wa kupakia moduli mpya za .NET programu ikiwa njiani. Apple nayo hairuhusu programu za duka lake zipakue msimbo unaobadilisha kazi zake. Sina ugomvi nao. Kwa mtu wa seva ya benki, dunia iliyofungwa ni usingizi mzuri. Ila mimi nina viwanda vyenye mizani tofauti na barabara zinazokatika mvua ikinyesha, na siwezi kumwambia karani asakinishe programu nzima upya kwa sababu printa imebadilishwa.

Na hata simu yenyewe haikai hali moja. Wenye umri wangu wanakumbuka: simu inapata toleo jipya la Android, inawaka, halafu inakaa dakika nyingi ikikuambia inaandaa programu ya 12 kati ya 90. Ile ilikuwa kompaila. Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, kila programu ilikompailiwa yote siku ya kusakinishwa. Android 7.0 ya 2016 ikabadilisha: programu inaanza ikitafsiriwa, sehemu zinazotumika sana zinakompailiwa ikiendelea, na usiku, simu ikiwa imelala na iko kwenye chaji, zile sehemu zilizozoeleka zinakompailiwa mapema kwa ajili ya kesho. Maana yake moduli ya Kotlin uliyoipima Jumatatu mchana haiendeshwi Jumanne kwa njia ileile. Kwa bahati kuna amri ya kuilazimisha simu: cmd package compile, kisha -m speed -f na jina la programu, nayo inakompaili yote palepale. Sisi tunaendesha majaribio mara mbili, kabla ya amri hiyo na baada yake. Mara nyingi matokeo ni yaleyale. Siku yalipotofautiana, tofauti ilikuwa ya muda: nyuzi mbili za kazi zilizokuwa zikipishana kwa utulivu zilianza kukanyagana kwa sababu moja imekuwa na kasi.

Msidhani haya ni mambo ya watu wadogo kama sisi. Ijumaa tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa za Kenya, kampuni ya Marekani ya CrowdStrike ilituma faili dogo kwa kompyuta za Windows zinazotumia kinga yake. Saa mbili na dakika ishirini na saba ililiondoa. Katikati ya muda huo, kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimeanguka, na viwanja vya ndege vikarudi kuandika kwa mkono kama karani wangu. Lile faili halikuwa programu kamili. Lilikuwa maelekezo yanayopakiwa na programu iliyokwisha kukompailiwa, inayokaa ndani ya kiini cha Windows. Kiolezo cha maelekezo kilikuwa na nafasi 21. Programu ilileta thamani 20. Muda wote wa majaribio, na kwenye mafaili yaliyotumwa kabla ya hapo, nafasi ya 21 ilikuwa imeandikwa "chochote", kwa hiyo hapakuwa na haja ya kwenda kuisoma. Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza, faili likataka nafasi ya 21 ilinganishwe na kitu. Programu ikanyoosha mkono pasipokuwa na kitu, ndani ya kiini, na Windows ikaanguka.

Ishirini na moja kwa ishirini. Niliposoma taarifa yao ya uchunguzi niliifungua droo na kuitoa risiti hii.

Sasa tunafanyaje? Kila rekodi inayovuka kutoka programu kuu kwenda kwenye moduli inaanza na namba mbili: toleo la mpangilio, na ukubwa wa rekodi kwa baiti. Moduli inazisoma kabla ya kitu kingine chochote, na zisipolingana inakataa kazi na kueleza kwa nini. Si uvumbuzi wetu. Miundo mingi ya Windows ina namba ya ukubwa mwanzoni tangu zamani, na kiini cha Linux kinakataa moduli ambayo maandishi yake ya utambulisho, vermagic, hayafanani na ya kiini. Tulichoongeza ni jaribio la kukataa. Kila siku tunaipa programu kuu moduli ya zamani kwa makusudi na kudai ikataliwe. Mlinzi ambaye hajawahi kujaribiwa na mwizi hujui kama ameamka.

Data za majaribio nazo tulizibadilisha. Zamani tulijaza sifuri na moja moja kila mahali. Rekodi yenye sifuri tatu ukiisukuma hatua moja inabaki na sifuri, hutaona kitu. Siku hizi kila nafasi ina thamani yake isiyofanana na jirani: mkulima 1111, chombo 2222, kahawa 33,333. Rekodi ikiteleza hata baiti moja, karatasi inapiga kelele. Na tunasoma karatasi. Jaribio letu haliishii pale moduli inaposema "nimechapa". Linakwenda hadi kwenye herufi zilizotumwa kwa printa na kuzilinganisha na namba zilizotoka kwenye mizani.

Kuna jambo la kufunga majina pia. Programu ikiifungua moduli kwa dlopen na kutumia RTLD_LAZY, Linux ya kwenye laptopu inaweza kuacha kutafuta fanksheni fulani mpaka siku itakapoitwa. Moduli inayokosa fanksheni moja inapakiwa vizuri, inapita majaribio kumi, inaanguka kwenye la kumi na moja, au kiwandani. Android haina uvumilivu huo. Inatafuta yote mlangoni. Tumieni RTLD_NOW tangu kwenye laptopu. Kasoro ya mlangoni ni rahisi kuliko kasoro ya chumbani.

Hesabu ya michanganyiko ndiyo inayowakatisha watu tamaa. Tuna matoleo 3 ya programu kuu ambayo bado yako viwandani, matoleo 4 ya moduli ya kuchapa, na prosesa za aina 2, za biti 32 na za biti 64, kila moja ikihitaji moduli iliyokompailiwa kwa ajili yake. Hiyo ni 24. Ongeza moduli nyingine na hesabu inakimbia. Nimewahi kusikia wakubwa wakisema tupime ile michanganyiko "muhimu". Muhimu kwa nani? Kiwanda kilicho mbali zaidi na lami ndicho chenye mchanganyiko wa ajabu kuliko vyote, maana ndicho kinachokosa intaneti na kusasisha nusu: moduli mpya, programu kuu ya zamani. Kwa hiyo tulianza kuziuliza simu zenyewe. Kila zinapotuma hesabu za jioni, zinataja matoleo zinayoyabeba, na orodha ya kupima inatoka huko. Mwezi uliopita michanganyiko iliyopo kweli ilikuwa tisa. Tisa inapimika.

Moduli tunaipakia, tunaitumia, tunaiondoa, tunaipakia tena, mara mia mbili, tukitazama kumbukumbu kama inavuja. Tunaikata katikati: faili nusu, kama vile umeme wa kwenye kituo cha intaneti umekatika wakati wa kupakua. Tunaiweka kwenye simu iliyobakiwa na nafasi kiduchu. Tangu Android 14 kuna mtego mwingine, faili la Java linalopakiwa wakati wa kazi lazima liwe limefungwa lisiandikike, la sivyo programu inayolenga toleo hilo inatupiwa kosa. Simu yenye Android ya kabla ya hapo inalikubali kimya. Na faili tulilolipima ndilo linalotumwa, lilelile, tukilinganisha alama yake ya SHA-256 kabla ya kulituma. Hatukompaili tena baada ya kupima, hata kama mtu anaapa kwamba hajabadilisha kitu. Nilikuwa mimi niliyeapa mara ya mwisho.

Nidokeze kitu kwa wanaopenda historia. Mwaka 1952 Grace Hopper alipokuwa anaitengeneza A-0 kwa ajili ya kompyuta ya UNIVAC, kitu alichokiita kompaila kilichukua vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa, vikiitwa kwa namba zake kutoka kwenye utepe, na kuviunganisha. Leo tungekiita kipakiaji. Kwa hiyo kukompaili na kuunganisha vilizaliwa nyumba moja, na ni sisi tuliowagawa mafundi wetu katika vyumba viwili, hawa wa msimbo, hawa wa usambazaji, kisha tukashangaa ufa unapita ukutani.

Mama wa risiti alilipwa kilo zake zote, maana hifadhi ya simu na daftari la karani vilikubaliana. Alikataa kuchukua risiti mpya. Alisema ya daftari inamtosha, na mpaka leo karani anamwandikia kwa kalamu kwanza, kisha anachapa.

Nina ombi moja kwa mafundi wa simu mlioko hapa. Simu ya karani ya siku ile iko kwenye droo yangu. Ni ya biti 32, kioo kimepasuka pembeni, na ndiyo inayopokea kila toleo kabla ya simu nyingine yoyote. Imetukamatia makosa mengi kuliko seva yetu ya majaribio. Betri yake imeanza kuvimba na modeli hiyo haiuzwi tena madukani. Mwenye nayo kwenye kibanda chake, hata kama haishiki laini, hata kama kamera imekufa, anione hapa mlangoni tukimaliza. Bei tutaelewana.